Mchungaji Asiachwe Peke Yake

Kanisa linalomwita mchungaji linajifunga kwa mambo mawili: kumtunza na kumsimamia. Hapa Mombasa, katika Likoni, Kisauni na Changamwe, makanisa mengi hayatimizi hata moja. Mchungaji anawekewa mikono, anapigiwa vigelegele, anakabidhiwa funguo za jengo la mabati na daftari la washirika, kisha wazee wanarudi makwao. Tangu siku hiyo njaa yake ni yake, ugonjwa wake ni wake, na makosa yake hayajulikani mpaka yawe yameshaumiza watu. Huko ni kukwepa wajibu, na wanaopaswa kuulizwa tunawajua: mabaraza ya wazee, maaskofu na waangalizi wa madhehebu, na washirika wenyewe.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wengi wanaomwona mchungaji mimbarini Jumapili hawajui alivyoimaliza wiki. Chukua mchungaji wa ng'ambo ya Likoni. Jumatatu, siku ambayo kwa maandishi ni ya mapumziko, simu inalia kabla ya alfajiri: mama mmoja wa kanisa amekimbizwa Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wengi bado wanaiita Makadara. Anashuka mteremko wa kivukoni, anabanana na umati wa wanaokwenda vibaruani, anavuka, anatafuta matatu upande wa pili. Feri haimtozi kitu mtu wa miguu, lakini matatu na bodaboda zinamtoza, na nauli hiyo inatoka kwenye mfuko uliokuwa na pesa ya unga wa nyumbani. Akirudi anakuta kijana amekamatwa na wazazi wanamsubiri mlangoni aende kituoni kuzungumza na afisa wa zamu. Katikati ya wiki kuna msiba. Marehemu ni mtu wa Kakamega au Siaya, maiti lazima isafirishwe bara, na michango inatumwa kwenye simu ya mchungaji kwa sababu ndiye anayeaminika. Pesa zikipungua kidogo, jina linalotajwa vibarazani ni lake. Ijumaa ni kesha. Jumamosi, saa chache alizotenga aandae mahubiri zinaliwa na ndoa iliyovunjika usiku uliotangulia. Jumapili akisimama amechoka, kuna wanaonong'ona kwamba mchungaji siku hizi hana upako.

Na mkewe je? Yeye huitwa mama mchungaji, anaongoza akina mama, anapikia wageni, anafundisha watoto wa shule ya Jumapili na kupokea wanaolia saa sita za usiku. Hakuna baraza lililoketi kuamua afanye kazi hiyo wala kuzungumzia ujira wake. Kila mtu alidhani imo ndani ya ndoa.

Tuseme juu ya pesa bila kuficha, maana aibu ya kuzitaja ndiyo iliyotufikisha hapa. Makanisa mengi madogo ya Chaani, Mikindani, Mtongwe na Mtopanga hayana mshahara wa mchungaji, yana sadaka. Sadaka ikiwa nzuri anakula, ikiwa mbaya anafunga, na mfungo huo haukutangazwa. Sadaka ya Changamwe inategemea bandari. Agizo la mwaka 2019 la kutaka makontena ya kwenda bara yapakiwe kwenye reli ya SGR liliwagusa madereva wa malori, utingo, mafundi wa gereji na wenye vibanda vya chakula, watu wale wale wanaojaza viti vya makanisa hayo. Kabla jeraha hilo halijapona ikaja korona. Machi 2020 milango ya ibada ilifungwa, Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, na makanisa yalipofunguliwa Julai yaliruhusiwa watu 100 kwa saa moja. Mchungaji anayelipwa kwa kikapu cha Jumapili alipoteza Jumapili zote hizo. Hata hivyo hakuacha kupigiwa simu na wenye njaa.

Tunajua jibu litakalotolewa: Mtume Paulo alishona mahema. Ni kweli, na mchungaji anayeendesha tuktuk au anayefundisha shule mchana hana la kuaibikia. Lakini Paulo huyo huyo alimwandikia Timotheo kwamba wazee wanaofanya kazi ya neno wanastahili kutunzwa, na hakuliacha jambo hilo kwa hiari ya aliyefurahishwa na mahubiri. Kanisa linalonunua spika mpya na kinanda cha kisasa huku mchungaji wake akidaiwa kodi ya miezi mitatu halijakosa pesa. Limechagua.

Halafu kuna hatari. Oktoba 2013 mhubiri mmoja alikutwa ameuawa ndani ya kanisa lake huko Vikwatani, Kisauni. Jumapili ya Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus, Likoni, wakafyatua risasi ibada ikiendelea, na watu 6 wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, Agosti 1997, Likoni iliona fujo za kufukuza watu wa bara, na uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni ukawa kimbilio la maelfu waliokimbia nyumba zao. Wachungaji wa upande huu wanayabeba haya. Baada ya mauaji ya 2013, baadhi ya wahubiri wa Mombasa walidai hadharani wapewe silaha wajilinde. Dai lile tulilikataa na bado tunalikataa. Bunduki chini ya mimbari haimlindi mtu, na katika mitaa ambayo msikiti na kanisa vinatazamana ingekuwa mbegu ya msiba mwingine. Lakini tulielewa kilio kilichokuwa ndani yake. Kilikuwa kilio cha watu walioona kwamba hakuna mwingine atakayewalinda. Ulinzi wa waumini ni kazi ya serikali, na haipaswi kukumbukwa tu wiki baada ya damu kumwagika. Na kila dhehebu lina swali lake la kujibu: mhubiri wenu akiuawa au akilemazwa kazini, mjane wake atalipwa nini, na wapi pameandikwa?

Amani ya kawaida kati ya majirani pia ina watu wanaoifanyia kazi. Mchungaji wa Kisauni huwahi mazishi ya jirani Mwislamu kabla ya alasiri, huketi na imamu kuzungumzia vijana wanaoingizwa kwenye magenge ya mapanga na dawa za kulevya, na huombwa apunguze sauti ya kipaza wakati wa adhana, naye hupunguza. Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani limekusanya masheikh, mapadri na wachungaji meza moja kwa zaidi ya miaka 20. Kazi hii haileti sadaka hata senti, na wapo washirika wanaomshuku mchungaji anayeifanya. Washirika hao wanakosea.

Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya watumishi waliobebeshwa mizigo peke yao. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto mchanga upande wa bara, karibu na Nyali. Lakini tunataka kumtaja zaidi William Jones, ambaye makanisa yetu hayamtaji vya kutosha. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na kusomeshwa India, akaletwa huku 1864. Mwaka 1885, huko Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na misheni ya CMS huko Kisauni kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, Askofu Hannington alimtia daraja la ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones alisafiri na askofu kuelekea Uganda. Hannington alitangulia na kuuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones aliyeachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara alisubiri, akapata habari, kisha akawarudisha watu wale kwa miguu hadi Rabai mapema 1886.

Hakupumzishwa. Rabai aliyoisimamia ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani. Kumpokea mtoro kulimweka matatani na mabwana wenye watumwa na kuwatia hofu wakubwa wa misheni. Kumrudisha kulikuwa kumsaliti mtu aliyekimbilia kanisani, tena mbele ya mchungaji ambaye mwenyewe alikuwa amevaa minyororo. Watoro walipewa hifadhi. Mambo yalipofichuka 1888, walihesabiwa zaidi ya 1,000 katika Rabai na vituo jirani, na mgogoro ulimalizwa kwa fidia kulipwa na watu hao kupewa vyeti vya uhuru Januari 1889. Wenye madaraka walijua kuandika barua za lawama. Aliyekabili uso wa mtoro usiku mlangoni alikuwa mchungaji. Kengele ya Frere Town ingali pale Kengeleni, magari yanaipita kila siku, na kanisa la Emmanuel halipo mbali. Dayosisi na shule za Jumapili zinaweza kufundisha habari za Jones mwaka huu huu, bila kusubiri wafadhili.

Sasa upande wa pili wa mapatano, yaani kusimamiwa, ambao baadhi ya wachungaji hawapendi kuusikia. Mchungaji aliyeachwa bila msaada ameachwa pia bila mtu wa kumuuliza. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto na akina mama. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, alikana mashtaka, na kesi zilifikishwa katika mahakama za Pwani, ikiwemo ya Shanzu hapa hapa Kisauni. Mahakama ifanye kazi yake. Lakini kanisa halihitaji hukumu ya hakimu ili lijiulize ni nani alikuwa na mamlaka ya kumwita mhubiri kama huyo na kumwambia, "Hapana, Mchungaji, hilo haliko sawa." Hakuwa na mwangalizi aliyeogopwa wala baraza lililoweza kumsimamisha.

Na tusisahau kilichotangulia. Januari 2016, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alipotoa kanuni zilizotaka wahubiri wawe na cheti cha theolojia, makanisa yalipiga kelele kwa umoja ambao hatujauona tena, na kanuni zikaondolewa mwezi ule ule. Baada ya Shakahola, jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilitoa ripoti yake Julai 2024, na mabishano yakarudi pale pale. Msimamo wetu ni huu: serikali haifai kuchagua nani ahubiri, lakini kanisa lililoikataa serikali lilijitwika kazi hiyo lenyewe. Huwezi kumfukuza mlinzi kisha ulale mlango wazi.

Usimamizi unaanzia kwenye mambo madogo yanayoonekana. Likoni, ambako wakazi wa shamba la Waitiki walingoja hati za ardhi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kupewa 2016, kila mtu anajua thamani ya karatasi ile. Basi kwa nini kiwanja cha kanisa, kilichonunuliwa kwa harambee ya wauza samaki na vibarua wa bandari, kiandikwe jina la mchungaji mmoja badala ya wadhamini? Kwa nini namba ya kupokelea sadaka iwe ya simu yake binafsi? Mchungaji mwaminifu ndiye wa kwanza kutaka mambo haya yabadilishwe, maana yanamwondolea tuhuma. Anayekasirika akiulizwa hesabu ameshajieleza.

Umaskini wa mchungaji pia humfungulia mlango mwanasiasa. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibada za Kianglikana Septemba 2021, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha michango ya fedha iliyotolewa na wakuu wa serikali kanisani. Walifanya vyema. Lakini ni rahisi zaidi kurudisha bahasha ukiwa na dayosisi nyuma yako. Mchungaji wa kanisa la mabati ambaye mtoto wake amefukuzwa shule kwa ajili ya karo anaikataa bahasha hiyo kwa nguvu gani? Washirika wanaomlaani kwa kuipokea wajiulize kwanza walimpa nini mwezi uliopita.

Kwa hiyo tunayataka haya, na tunayataka yaandikwe. Kila baraza la wazee limpe mchungaji wake barua yenye kiwango cha malipo, hata kiwe kidogo, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko inayoheshimiwa na likizo ya kila mwaka. Mabishano ya kama mchungaji ni mwajiriwa yaachiwe mawakili. Barua haihitaji kuyasubiri. Kanisa limlipie yeye na familia yake bima ya afya ya SHA, ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, pesa ambayo hakuna kanisa lenye spika linaloweza kusema halina. Hesabu zisomwe mbele ya washirika, fedha zitoke kwa saini zaidi ya moja, na ardhi iwe ya wadhamini. Makanisa ya kujitegemea yasiyo na askofu yatafute wachungaji wenzao wa jirani na kukubaliana, kwa maandishi, kwamba wataulizana na kukemeana. Na kila mchungaji awe na mchungaji wake, mtu mzima asiye mshirika wake, wa kumwendea anapolemewa, bila hofu kwamba machozi yake yatakuwa habari ya mtaa.

Kwako wewe mshirika, Jumapili hii baada ya ibada usiondoke haraka. Mtafute mweka hazina, umuulize mchungaji wako alilipwa kiasi gani mwezi uliopita, na hati ya kiwanja ina jina la nani. Una haki ya kujibiwa yote mawili, na usiende nyumbani mpaka ujibiwe.