Usalama wa Wilson ni shughuli ya Ruiru pia

Na Muthoni Kamande

Mnamo Agosti 7, 2025, ndege ya AMREF Flying Doctors iliondoka Uwanja wa Wilson saa nane na dakika 17 mchana kuelekea Hargeisa. Dakika tatu hivi baadaye mawasiliano yakakatika. Iliangukia Mwihoko, hapa kwetu eneobunge la Ruiru, ikaua wote wanne waliokuwa ndani na watu wawili waliokuwa mtaani mwao, wasio na tiketi wala safari.

Anayeijua Mwihoko anajua ilivyojaa. Ghorofa za kupangisha zimesimama ukuta kwa ukuta, matangi ya maji juu ya paa, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani. Lori la maji likiingia kichochoroni, bodaboda na mikokoteni hulazimika kurudi nyuma kulipisha. Sasa fikiria gari la zimamoto likija kwa haraka, na umati umeshafika kabla yake, kila mmoja na simu mkononi.

Chanzo cha ajali ile ni kazi ya idara inayochunguza ajali za ndege, nami siwezi kuitangulia. Langu ni jingine. Huwa tunauzungumzia usalama wa Wilson kana kwamba ni mambo ya watu wa Lang'ata na watalii wanaoenda Maasai Mara. Mtu wa Thika husema hapandi ndege, hayamhusu. Lakini kwa miaka mingi ndiye aliyepishana na pikapu za miraa kutoka Maua zikiteremka kwa kasi ya kutisha, taa zikiwaka mchana kweupe, gunia zimefunikwa turubai, zikipita Blue Post pale Thika na kushika barabara kuu ili ziiwahi ndege Wilson. Uwanja ule umekuwa ukitugusa tangu zamani, na sasa umetufikia kutoka juu.

Wilson ni uwanja wa umri mkubwa. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake, Wilson Airways, mwaka wa 1929, wakati Nairobi ilikuwa bado mji mdogo. Jina lake lilipewa uwanja mwaka wa 1962. Leo umezungukwa na Lang'ata, South C na Nairobi West, na upande mmoja tu, ule wa Mbuga ya Kitaifa, ndio ulio wazi. Njia zake mbili za kurukia zina urefu wa takriban kilomita moja na nusu kila moja. Uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Katika uwanja huohuo wanapita wanafunzi wa urubani, helikopta, ndege za mizigo, za wagonjwa, na za abiria hamsini.

Msongamano huo una bei yake. Oktoba 2019 Fokker 50 ya abiria ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuishia vichakani. Baadhi ya waliokuwamo walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Machi 5, 2024, Dash 8 iliyobeba watu 44 kuelekea Diani iligongana angani na Cessna ya shule ya urubani. Ile kubwa ilirudi salama. Mwalimu na mwanafunzi wake waliangukia mbugani wakafa.

Na sisi tulikuwa tukijadili nini mwaka huo? Paa linalovuja la JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na mpango wa kampuni ya Adani ya India wa kuuendesha uwanja huo, hadi Rais Ruto alipoufuta Novemba 2024. Sikusikia Wilson ikitajwa katika kelele zile. Ukitaja kuboresha uwanja wa ndege Kenya, watu huona vioo, vigae na duka la kahawa.

Viwango vya usalama havina mvuto huo. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka mwisho wa njia ya kurukia uwe na ukanda wa mita 60, kisha eneo la wazi la usalama lisilopungua mita 90. Kwa njia zenye urefu kama za Wilson, linapendekeza mita 240. Eneo hilo halijengwi chochote. Kazi yake ni kuipokea ndege iliyoshindwa kusimama. Shirika hilo pia linataka gari la kwanza la zimamoto lifike popote kwenye njia ndani ya dakika tatu. Linataka uzio usiopenyeka, taa zinazowaka na alama zisizofutika. Hakuna mwanasiasa atakayekata utepe mbele ya nyasi tupu zenye urefu wa mita 240, na nadhani hapo ndipo tatizo letu lilipo.

Wapo watakaosema ardhi ya kupanua haipo. Ni kweli, lakini hata Chicago haikuwa nayo. Uwanja wa Midway umebanwa na nyumba pande zote. Desemba 2005, usiku wa theluji, ndege ya abiria ilipita mwisho wa njia, ikavunja ua na kuingia barabarani, ikamuua mtoto wa miaka sita aliyekuwa ndani ya gari la familia yake. Baadaye uwanja ule uliwekewa mwishoni mwa njia zake vitalu vya zege jepesi lenye mapovu, ambalo huvunjika chini ya magurudumu na kuikamata ndege. Teknolojia hiyo ni ghali, na si kila ndege ndogo ina uzito wa kutosha kuifaidi. Hata hivyo, inaonyesha kwamba uwanja uliobanwa una la kufanyiwa.

Suluhisho jingine linalopendwa ni kuuhamisha uwanja, au angalau shule za urubani, upelekwe mbali kwenye mashamba. Mbali wapi? Mimi huogopa jibu litakuwa huku kwetu. Mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yanakatwa ploti kila mwaka. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru karibu wakazi nusu milioni. Kiwanja kikiletwa leo kwenye shamba la kahawa, madalali watakuja nacho, na baada ya miaka kumi kitakuwa Wilson nyingine. Afadhali kurekebisha kilichopo: wanafunzi watafutiwe saa na anga yao, ndege zisizotoshewa na njia zile zihamie JKIA, na kila jengo lililopita kimo kinachoruhusiwa likatwe.

Hili la kimo halina mzaha. Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri ilipaa kutoka kiwanja kidogo cha Busia ikagonga nyaya za umeme. Waziri wa Leba Ahmed Khalif na marubani wawili walikufa. Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013 inaipa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, uwezo wa kuzuia majengo yanayohatarisha ndege. Lakini mamlaka hiyohiyo husimamia kanuni za usalama na huendesha huduma ya kuongoza ndege. Kazi ya kujikagua mwenyewe haijawahi kumshinda mtu. Naona wakati umefika wa kuzitenganisha kazi hizo mbili.

Upande wetu nao una deni. Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za zimamoto na upangaji wa miji. Magari ya zimamoto ya uwanjani yanalinda ndani ya ua. Ndege ikianguka Mwihoko, Githurai au Makongeni, anayetakiwa kufika kwanza ni Kaunti ya Kiambu. Kaunti hiyohiyo ndiyo inayopitisha ramani za ghorofa bila kuuliza gari la zimamoto litaingia wapi, na bomba la kuunganisha mpira liko wapi. Mwihoko ingeungua vilevile kwa mtungi wa gesi. Ndege ilituonyesha tu.

Kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ya ajali itoke ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Ripoti hizo huwa na mapendekezo, na mapendekezo hufa wasipopatikana wa kuyafuatilia. Basi kikao cha umma cha bajeti ya kaunti kitakapoitwa Ruiru au Thika, usiende kuomba taa za barabarani peke yake. Muulize diwani wako mtaa wenu uko dakika ngapi kutoka kituo cha zimamoto kilicho karibu, kisha umwombe mbunge aulizie Bungeni ni mita ngapi za eneo la usalama zilizopo mwishoni mwa kila njia pale Wilson. Majibu ya maswali yote mawili ni tarakimu. Usikubali kupewa hotuba.