Fidla ya Mzee Totenberg

Juma hili nawaombeni tuache kando habari za mapishi na malezi, tuzungumze juu ya msiba wa namna nyingine unaoweza kuingia nyumbani, nao ni kupotelewa na ala ya muziki. Najua wako watakaocheka na kuuliza tangu lini kupotea kwa gitaa kukaitwa msiba. Wasemao hivyo hawajapata kuishi nyumba moja na mpiga muziki. Mke wa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi anajua vema kwamba nyumbani mwake mna kitu kimoja ambacho mtoto hakigusi, ambacho hakiwekwi karibu na jiko, na ambacho mwenyewe hukifuta kwa kitambaa laini hata kabla ya kuvua buti. Kikipotea, huweza kununuliwa kingine cha bei ile ile, walakini vidole vilivyokizoea cha kwanza kwa miaka ishirini havinunuliwi.

Tena ala za muziki zina saa yake ya kupotea. Ni nadra kuibwa wakati zinapopigwa, kwa kuwa macho ya watu wote yanazitazama. Hupotea onyesho likiisha, watu wanapopeana mikono na kupongezana, soda zinapofunguliwa, na mpigaji amechoka na furaha imemlegeza. Nataka niwasimulieni kisa kimoja cha Marekani kilichotokea katika saa hiyo hasa. Nimekichagua kwa sababu ndani yake mna swali ambalo askari wa kila nchi hukutana nalo kazini.

Roman Totenberg alizaliwa nchini Poland mwaka 1911. Utotoni alikaa Moscow na wazazi wake, katika siku za Mapinduzi ya Urusi, na jirani yao mmoja aliyekuwa mpiga fidla hodari akamfundisha kazi hiyo. Mwalimu na mtoto wakawa wanapiga pamoja mbele za watu na kulipwa mkate, siagi na sukari. Katika njaa ile mtoto mdogo akawa ndiye aletaye chakula nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipiga fidla mbele ya okestra kubwa ya Warsaw, na baadaye akahamia Marekani. Huko, mwaka 1943, akanunua fidla kwa dola 15,000, fedha ambazo siku zile zingetosha kununua nyumba nzuri na salio likabaki.

Wapenzi wa taarabu wanaifahamu fidla, ala ile inayoshikwa chini ya kidevu na kukwaruzwa kwa uta wa manyoya ya mkia wa farasi. Hii ya Totenberg ilitengenezwa mwaka 1734 na Antonio Stradivari wa mji wa Cremona, Italia, fundi ambaye hata leo hajapata wa kumshinda kwa sifa. Alipoitengeneza alikuwa mzee wa miaka tisini hivi, na miaka mitatu baadaye akafariki. Fidla zake zilizosalia duniani hukadiriwa kuwa kama 500, na karibu kila moja ina jina lake, kama watu. Hii iliitwa Ames.

Totenberg aliipiga kwa muda wa miaka 37. Mwezi wa Mei mwaka 1980 alikuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Longy, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Baada ya onyesho aliiacha fidla ofisini mwake, akaenda kuwasalimu wageni waliokuja kumpongeza. Aliporudi, haikuwapo.

Usiku ule alionekana kijana mmoja, naye mpiga fidla, akizungukazunguka karibu na ofisi. Mzee akamshuku. Baadaye msichana aliyekuwa rafiki wa kijana huyo alikwenda kwa Totenberg akasema kwamba naye anaamini kijana ndiye aliyeichukua. Habari zikafikishwa panapohusika. Jibu lililotoka ni kwamba ushahidi hautoshi kupata hati ya upekuzi, hivyo nyumba ya kijana haikupekuliwa. Mke wa Totenberg alikasirika hata akawauliza marafiki zake kama wanamjua mtu yeyote katika magenge ya wahalifu awezaye kuvunja mlango wa kijana na kuirudisha fidla. Bahati njema hakumpata, ama marafiki zake walikuwa na hekima ya kunyamaza.

Sasa niwaulizeni ninyi mlio katika kazi ya usalama: je, walikosea walioikataa hati? Leo tunajua kwamba fidla ilikuwa kwa kijana yule yule. Kama mlango ungefunguliwa wakati ule, huenda mzee angeipata akiwa bado na nguvu za kuipiga miaka mingi. Mtu akisoma kisa hiki kwa moyo wa huruma, huona sheria ni jiwe.

Mimi naona hawakukosea. Waliyokuwa nayo ni kijana kuonekana mahali ambapo wapiga fidla wengi huonekana, na maneno ya msichana ambaye urafiki wake naye ulikuwa umekwisha. Tunayajua maneno ya namna hiyo. Katika kambi zetu, mathalani, mtu akigombana na mwenziwe asubuhi, jioni huwa na mengi ya kueleza juu yake. Ikiwa mlango wa raia utavunjwa kwa maneno ya aliyeachana naye, basi hakuna nyumba itakayolala salama, hata nyumba ya askari mwenyewe. Lakini hati kukataliwa siyo kazi kwisha. Sheria inayomzuia askari kuingia chumbani haimzuii kumhoji mshukiwa, wala kuwauliza majirani wanasikia ala gani ikilia usiku, wala kuwapa habari mafundi wote wa fidla ili wakae macho. Kipande hiki cha mwisho, cha mafundi, ndicho kilichokuja kumaliza shauri.

Mwizi hakuweza kuiuza. Ng'ombe akiibwa huweza kuchinjwa na kuwa nyama kama nyama nyingine, lakini fidla ya Stradivari haichinjiki. Kila moja ina picha zake, vipimo vyake, na mistari ya mbao yake, ambayo haifanani na ya nyingine kama vile alama za vidole zisivyofanana. Kijana akawa mtu mzima nayo, akahamia California nayo, akafa mwaka 2011. Totenberg alifariki mwezi wa Mei mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 101. Alikwisha kununua fidla nyingine na kuendelea na kazi, wala hakupata kuiona tena ile ya kwanza.

Fidla ilikuwa imebaki kwa mwanamke aliyepata kuwa mke wa yule mwizi, ndani ya sanduku lenye kufuli ya namba. Yeye hakujua ni mali ya nani. Siku moja kufuli ikavunjwa, akaiona, na mwezi wa Juni mwaka 2015 akaipeleka New York kwa mtaalamu ili amwambie thamani yake. Mtaalamu akaipima na kuitazama, kisha akamwambia kwamba ana habari njema na mbaya: njema ni kwamba fidla ni ya Stradivari kweli, na mbaya ni kwamba iliibwa kwa Roman Totenberg. Papo hapo wakaitwa wapelelezi wa FBI, nao hawakukawia kufika. Tarehe 6 Agosti 2015 mabinti watatu wa marehemu walikabidhiwa mali ya baba yao. Na hapa kisa kina mzaha wake, kwa kuwa mmoja wao, Nina, ni mwandishi wa habari aliyefanya kazi miaka mingi akiripoti Mahakama Kuu ya Marekani, na mwingine, Amy, ni jaji. Mama aliyetafuta mvunja mlango alizaa jaji.

Angalieni basi kilichoirudisha fidla ile. Hapana aliyepigwa wala aliyetishwa. Zilikuwapo kumbukumbu za picha na vipimo, na mtu mwaminifu aliyejua kuzisoma. Nimeona mambo ya namna hiyo katika visa vingine pia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1999 mpigaji mashuhuri Yo-Yo Ma, aliyekuwa amepiga katika onyesho usiku uliotangulia, alishuka katika teksi mjini New York na kuisahau nyuma ya gari sello yake, ambayo ni ndugu mkubwa wa fidla, iliyotengenezwa Venice mwaka 1733. Alikuwa na stakabadhi ya nauli. Kwa kikaratasi hicho polisi waliitambua teksi, na ala ikapatikana siku ile ile.

Tena mwezi wa Januari mwaka 2014, mjini Milwaukee, Frank Almond alikuwa akitoka katika onyesho kuliendea gari lake, mkononi ana fidla ya Stradivari ya mwaka 1715 aliyoazimwa na mwenyewe. Akatokea mtu na bunduki ya umeme, ile inayomwangusha mtu bila kumwua, akamfyatulia, na fidla ikachukuliwa. Wezi hawakujua, au walisahau, kwamba silaha ya namna ile ikifyatuliwa humwaga vipande vidogo mno vya karatasi vyenye namba. Polisi wakaviokota, wakaifuata namba mpaka kwa aliyeinunua silaha, kinyozi mmoja wa mji huo. Raia nao wakaleta habari zao. Hazikutimia siku kumi, fidla ikapatikana darini mwa nyumba moja, ndani ya sanduku la nguo, nzima. Aliyepanga wizi alifungwa miaka 7.

Nyumbani mwetu hatuna Stradivari, lakini namba tunazo. Tarumbeta la kiwandani huwa na namba iliyogongwa kwenye shaba, karibu na pale vidole vinapobonyeza. Gitaa la umeme aghalabu huwa nayo nyuma ya kichwa, pale zinapokazwa nyuzi. Mama, siku mumeo amepumzika, mwambie akusomee namba hiyo nawe uiandike pamoja na jina la kiwanda na rangi. Zile za bendi ya kikosi zimekwisha andikwa katika daftari la stoo. Nazungumzia ile aliyoinunua kwa mshahara wake. Adungu na ngoma zetu zilizochongwa kwa mkono hazina namba, basi zipigwe picha kwa simu mbele na nyuma, na mahali penye ufa au alama ya moto papigwe kwa karibu. Wala msichore jina kwa kisu juu ya ubao, kwani hiyo ni kuiharibu ala mwizi asije akaiharibu. Na karatasi yenye namba iwekwe pamoja na vyeti vya watoto. Wapo, msicheke, waiwekao ndani ya sanduku la ala yenyewe, nayo huenda pamoja na mwizi.

Ama kwa bendi zinazopiga katika arusi na sikukuu, nashangaa kwamba wanaume waliozoea kupanga lindo la bohari usiku kucha hawampangi hata mmoja wao kukaa na vyombo kwa nusu saa wageni wanapoaga. Asiye na kiu sana ndiye afaaye.

Wale mabinti walilirudishia shirika la bima fedha lililokuwa limemlipa baba yao, dola 101,000, ili fidla iwe yao kwa haki. Ilikuwa na haja ya matengenezo, na mafundi waliishughulikia kwa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Machi mwaka 2017 ilisikika tena mbele za watu mjini New York, ikipigwa na Mira Wang, mwanafunzi wa Totenberg aliyetoka China na kuanza kusoma kwake baada ya fidla kuibwa, asipate kamwe kuisikia mikononi mwa mwalimu wake. Mabinti hawakutaka ifungiwe kabatini na tajiri. Ilipouzwa mwaka 2018, mnunuzi, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alikubali ipigwe, nayo ikakabidhiwa kwa kijana wa miaka 18 aitwaye Nathan Meltzer.