Umemaliza Vingapi?

Leo nasema, na atakayekasirika anisamehe.

Huu mtindo wa kuulizana "mwaka huu umemaliza vitabu vingapi?" unatuharibia. Mmoja anaruka kurasa ili afikishe 50. Mwingine ana kimoja tu, anaona haya, anaacha kusoma kabisa. Huyo wa pili ndiye anayeniuma.

Wasifu wa Siti Binti Saad, wa Shaaban Robert, ni kitabu chembamba. Mwenye haraka hukimaliza kwa siku moja. Mimi huku Amani, milimani Usambara, kilinichukua miezi miwili, kurasa mbili tatu usiku nikishafunika cherehani. Nilipofika pale binti wa Fumba anapotembeza vyungu, nilikifunga nikakaa kimya. Nami nimetembeza magauni mlango kwa mlango. Ningekuwa nakimbilia hesabu, ningempita njiani bila salamu.

Na dini inatufunza nini? Qur'ani iliteremka kidogo kidogo kwa miaka kama 23. Katika Sura Al-Muzzammil, Mtume (s.a.w.) ameamrishwa aisome taratibu. Na ipo hadithi kwamba anayehitimu chini ya siku tatu hakuielewa. Ikiwa Kitabu cha Mola hakitaki pupa, riwaya iitakie nini?

Mwenye mtihani akimbie, ana sababu. Wewe dada yangu, weka alama ulipofikia, ulale. Na atakayekuuliza umemaliza vingapi, muulize yeye anakumbuka nini.