Wazee wa Imani Waandikwe Wangali Hai

Ndugu zangu wa Loresho, Kangemi na Mountain View, tarehe 18 Mei 2025 upande wetu huu wa Nairobi ulipata hekalu. Ulisses Soares, mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, aliliweka wakfu siku hiyo. Tangu hapo nasikia watu wakiulizana garini, foleni ya Waiyaki Way ikiwa imesimama, Wamormoni, kama waumini wa kanisa hilo wanavyoitwa, hufanya nini mle ndani. Mimi si muumini wao, nami nina swali jingine ambalo naona lina uzito zaidi. Nani waliitangulia nyumba hiyo? Na maisha yao yameandikwa wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mtu mmoja aitwaye Elijah Abel. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Maryland huko Marekani karibu mwaka 1808, wakati watu wa rangi yake walipokuwa wakinunuliwa na kuuzwa. Alibatizwa mwaka 1832, kanisa hilo likiwa na umri wa miaka miwili tu. Akahamia Ohio, kisha mji wa Nauvoo katika jimbo la Illinois, akiishi kwa useremala na kuwatengenezea wafu majeneza. Baadaye alikaa Cincinnati na kuoa huko. Mwaka 1853 alifunga safari na mkewe Mary Ann na watoto wao kuvuka nyika hadi bonde la Salt Lake, mahali ambapo waumini waliofukuzwa kwingine walikuwa wakijenga makao mapya. Kila alipohamia alianza upya, kama wahamiaji wote wanavyoanza.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1836 alipewa ukuhani na kuwa mzee wa kanisa, na kabla ya mwaka huo kwisha akawekwa katika jamii ya Sabini, yaani wahubiri wanaotumwa mbali. Mwaka 1838 alitumwa Kanada na kaskazini mwa New York. Huko ndiko alikombatiza mwanamke aitwaye Eunice Kinney. Maadui walibandika matangazo kwamba mhubiri huyu mweusi amemuua mwanamke na watoto watano. Abel hakukimbia. Alisimama mbele ya mkutano, akayataja mashtaka hayo kwa sauti, akawaambia kwamba mwenye kutaka kumkamata ndiyo nafasi yake. Hakuna aliyemgusa.

Habari hiyo tumeipataje? Abel hakuiandika. Ni Bibi Kinney aliyeiandika katika barua ya mwaka 1891, zaidi ya miaka 50 baada ya tukio, Abel mwenyewe akiwa kaburini miaka saba. Mama huyu angalifariki miaka kumi mapema, ushujaa ule tusingalijua hata kidogo. Hebu fikirieni jambo hilo, ninyi mnaodai kwamba kumbukumbu za wazee zitajitunza zenyewe.

Tuendelee. Alipofika Utah, Abel alikuta mambo yamegeuka. Mwaka mmoja kabla, yaani 1852, Brigham Young, rais wa kanisa, alikuwa ametangaza hadharani kwamba watu weusi wasipewe ukuhani. Abel alikuwa nao tayari, hakunyang'anywa, lakini alipoomba kuingia katika ibada za hekaluni pamoja na mke wake alikataliwa. Mke akafariki mwaka 1877 bila kuzipata. Abel alikuwa fundi. Alifanya kazi katika ujenzi wa hekalu la Salt Lake, akashika nyundo kwa ajili ya nyumba ambayo ibada zake zilikuwa haramu kwake. Mtu mwingine angaliondoka akiwalaani. Abel alibaki, akaendelea kuomba.

Mwaka 1879 ombi lake lilizua uchunguzi. John Taylor, rais wa Mitume Kumi na Wawili waliokuwa wakiliongoza kanisa wakati huo, alikwenda kuwauliza wazee waliokuwapo tangu mwanzo. Mmoja wao, Zebedee Coltrin, akasema anakumbuka vizuri kwamba Joseph Smith, nabii aliyelianzisha kanisa, alimwondoa Abel katika Sabini alipojua nasaba yake. Kumbukumbu hiyo ilikuwa ya mzee mwenye heshima, tena aliyesema alikuwapo. Nani angembishia? Kilichombishia ni karatasi. Joseph F. Smith, mpwa wa nabii huyo, alikwenda kwa Abel na kurudi na habari kwamba seremala yule anazo hati zake: ya mwaka 1836, ya mwaka 1841, na nyingine aliyopewa Utah. Ile ya kwanza Abel alikuwa ameitunza kwa zaidi ya miaka 40, akihama nayo mji kwa mji. Hati hizo hazikumfungulia mlango wa hekalu, lakini ukuhani wake haukufutwa, na mwaka 1883, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alitumwa tena kuhubiri Kanada na Ohio. Alirudi nyumbani mgonjwa, akafa tarehe 25 Desemba 1884.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nishike kalamu. Mwaka 1908 Joseph F. Smith huyohuyo, aliyezisoma hati kwa macho yake, sasa akiwa rais wa kanisa, alisema kwamba ukuhani wa Abel ulikuwa umebatilishwa na Joseph Smith mwenyewe. Abel alikuwa amekufa miaka 24 iliyopita, hakuwa na mdomo wa kujibu. Basi ikawa kana kwamba hakuwahi kuwapo, na vizazi vya waumini vikalelewa vikiamini kwamba katazo lile lilikuwako tangu mwanzo. Mwaka 1973 daktari mmoja muumini, Lester Bush, alichapisha utafiti mrefu kuhusu historia ya katazo hilo, na hati za Elijah Abel zikasimama tena kutoa ushahidi. Mwezi Juni 1978 kanisa liliondoa katazo. Sisemi kwamba makala moja ndiyo iliyoliondoa; waumini wenyewe wanaamini ulikuwa ufunuo, nami nauheshimu usemi wao. Nasema kwamba uongo juu ya mtu huyu haukuweza kudumu kwa kuwa kulikuwa na maandishi.

Sasa tuje kwetu. Kabla ya mwaka 1991, kanisa hili lilipotambuliwa kisheria Kenya, waumini wachache walikutana majumbani. Miongoni mwao alikuwa mhandisi wa Bungoma aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, Joseph Sitati, aliyebatizwa mwaka 1986. Mwaka 2001 alikuwa rais wa kwanza wa kigingi cha Nairobi, yaani muungano wa sharika kadhaa. Baadaye akaongoza misheni ya Calabar, Nigeria. Na mwaka 2009 akaitwa kuwa Sabini Mkuu, Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka bara hili kuketi miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa lao. Cheo hicho kina jina lilelile la Sabini alilolishika Abel mwaka 1836, ingawa ni cha ngazi ya juu zaidi. Habari za Sitati ziko, maana cheo kina makarani wake.

Lakini mama aliyesogeza viti vya sebule yake kila Jumapili ili watu wapate pa kusali? Waliotoa jasho hadi Kitabu cha Mormoni kikatoka kwa Kiswahili mwaka 2000? Waliochanga nauli ya Johannesburg, kwa kuwa kwa miaka mingi hapakuwa na hekalu la karibu zaidi? Kijana anayeingia leo katika nyumba ile nzuri ya Mountain View, anaweza kunitajia majina matatu?

Wala msidhani nawasema Wamormoni peke yao. Hapo Kabete, jirani zetu, mmisionari wa Kianglikana Harry Leakey alifika mwaka 1902. Tunamjua, na mwanawe Louis aliyezaliwa huko mwaka uliofuata anajulikana dunia nzima. Walimu Waafrika waliotembea naye vijijini, waliomsahihisha ulimi alipokosea Kikuyu, wajukuu wa wajukuu zao wamejaa Kangemi na hawajui lolote. Wapresbiteri, Wakatoliki, makanisa ya Akorino, na ninyi Waislamu wenye misikiti ya zamani mjini, kila mmoja ajitazame. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali gani ipitayo wazazi wa imani?

Wako watakaosema kwamba kuandika kutafukua ugomvi: nani alimnyima nani nafasi, mchango upi ulipotea, kabila lipi lilijaza viti vya mbele. Nawajibu kwamba hayo ndiyo yanayostahili kuandikwa kwanza. Abel angeandikwa kama mtakatifu aliyepokelewa vema siku zote, maandishi hayo yangekuwa na faida gani kwa aliyezuiwa mlangoni mwaka 1950? Thamani ya habari zake ni kwamba kukataliwa kwake kumo, pamoja na majina ya waliomkataa. Kanisa lenyewe limeyakubali hayo katika maandishi yake rasmi ya mwaka 2013, na bado linasimama.

Wengine watasema hatuna waandishi. Kila nyumba ya Loresho ina kijana mwenye simu ya kunasa sauti, na vyumba vingi vya Kangemi pia. Kijana huyo aende kwa mzee akiwa na maswali: ulibatizwa na nani, mlikutania wapi, nani alikupinga, nini kilikuuma? Aandike tarehe. Apige picha cheti cha ubatizo, kadi ya uanachama, barua ya kuitwa misheni, hata risiti ya sadaka. Karani wa usharika atoe nakala mbili, moja ibaki kanisani, nyingine ipelekwe kwa maafisa wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, nao waombwe kuipokea. Na kazi hii ianze kwa walio wagonjwa na walio wakongwe, mwezi huu, kabla ya harambee yoyote ya jengo jipya.