Mkate wa Wafaransa na Ndizi Zetu

Katika nchi ya Ufaransa mkate si kitu cha kunywea chai tu. Huwapo mezani asubuhi, adhuhuri na jioni, na watu wengi huununua ungali moto kwa mwokaji wa mtaani. Ulio mashuhuri ni mwembamba na mrefu, nao huitwa baguette, maana yake kifimbo. Hapo kale mkulima wa Kifaransa hakukata mkate mpya kabla ya kuuchora msalaba kwa ncha ya kisu, na kuuweka kifudifudi mezani kulihesabiwa kuwa kisirani. Oktoba 1789, mkate ulipoadimika na bei yake kuwa ghali, wanawake wa Paris walikwenda kwa miguu hata Versailles kumdai mfalme chakula, wakarudi naye mjini. Na mwaka 1993 serikali iliamuru kwamba mkate uuzwao kwa jina la mkate wa jadi usigandishwe kwa barafu wala usitiwe dawa za kuhifadhi.

Wako wanafunzi ambao, wakisoma habari kama hizi, hudhani kwamba mkate ndio chakula cha watu waliostaarabika, na ndizi ni chakula cha washamba. Nimemsikia mmoja, alipoulizwa amekula nini nyumbani, akisema mkate, hali mama yake alimpikia ndizi na maharage. Kwangu mimi huyo hakuelewa alichokisoma. Mfaransa hauheshimu mkate kwa kuwa umetoka mbali. Auheshimu kwa kuwa ngano yamea katika mashamba yake, na mikono ya watu wake ndiyo iliyoukanda.

Basi na tutazame hapa Rungwe. Mvua yetu ni nyingi mno, na ngano haipendi unyevu mwingi. Hupatwa na kutu ikaharibika. Lakini mgomba wapenda mvua na udongo huu mweusi wa volkano. Huzaa masika na kipupwe, na mmoja ukikatwa, chipukizi lake limekwisha simama kando. Ndizi za kupika, ambazo Wanyakyusa huziita mbalaga, hupikwa kwa maharage, kwa nyama, au kwa maziwa. Majani hufunikia chungu, na maganda hupewa ng'ombe. Ni ngano gani ifanyayo kazi hizo zote?

Wafaransa wana neno copain, maana yake rafiki. Asili yake ni mtu wa kula naye mkate mmoja. Wanyakyusa wa zamani wangalilielewa upesi. Wavulana wa rika moja walichunga ng'ombe pamoja, wakala pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wala haikupendeza mtoto aje kula peke yake. Walipokua walijenga kijiji chao wenyewe. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951.

Katika Sala ya Bwana, Wakatoliki huomba mkate, lakini wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliandika riziki. Mimi nalipenda hilo la pili, maana ndizi zimo ndani yake.

Siuchukii mkate. Ngano hustawi katika nyanda za juu za Makete na Njombe, na mtu wa huko ana haki ya kujivunia mkate wake. Ninachokataa ni desturi hii ya siku za sikukuu shuleni: wageni huwekewa mkate wa dukani mezani, na ndizi huachiwa wapishi jikoni. Ndizi ziletwe mezani kwanza, katika sahani zilizo nzuri, na wageni waambiwe zilipandwa na nani. Mkate, ukiwapo, uwekwe kando yake.