Mkoba wa pikipiki ushonwe kwa kazi, si kwa ukubwa



Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani, na miguu yetu ikapumzika. Ila pikipiki huja na kiti na keria. Vifaa utajua mwenyewe pa kuviweka. Wengi huenda kwa fundi na kusema, "Nishonee begi kubwa." Kwa maoni yangu, hilo begi kubwa moja ndilo tatizo. Ndani yake utakuta chanjo ya kuku, dawa ya viwavijeshi, daftari na chapati za mchana, na vyote hukutana kwenye shimo la kwanza barabarani.

Kabla ya kwenda kwa fundi, tandika mkeka, weka juu yake kila kitu unachobeba kwa siku, kisha tenga vile visivyopaswa kugusana. Mikoba yako itatokana na mafungu hayo.

Fungu la kwanza ni sumu. Viuatilifu vipate mkoba wao peke yake, wa rangi tofauti, usioingia ndani ya nyumba hata siku moja. Ndani yake weka ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, chupa zisimame wima, na mapengo yajazwe pumba za mbao ili chupa ikivuja, pumba zinywe. Mama akiuchukua mkoba huo akabebea mboga kwa sababu tu ulikuwa mtupu, hasara yake si ya kuhesabu kwa fedha.

Fungu la pili ni chanjo. Nyingi zinataka kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Hata ile ya kideri ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine, haitaki jua. Kwa hiyo usiweke chanjo kwenye mkoba wa juu ya tangi, maana hapo jua linapiga kutoka juu na joto la injini linapanda kutoka chini. Tumia deli dogo lenye barafu, lifungwe kwenye keria na kufunikwa kwa kitambaa cheupe. Chanjo iliyoharibika kwa joto mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Utamdondoshea kuku, mfugaji atashukuru, na kideri kikiingia kuku watakufa. Mwaka unaofuata ukibisha hodi, watoto wataambiwa waseme baba hayupo.

Mkoba wa tangi ubaki wa vitu vyepesi unavyovihitaji mara kwa mara: daftari, kalamu, simu, glavu. Uwe mfupi, usiguse usukani unapokata kona, na usizibe mfuniko wa mafuta.

Mizigo mizito ikae pembeni na chini, karibu na kiti. Wenye punda walilijua hili zamani: shogi hujazwa pande zote mbili kwa uzito ulio sawa. Ukirundika kila kitu nyuma ya keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mchanga pikipiki haikusikii. Upana usizidi usukani, la sivyo utakwama kwenye vichochoro vya mashamba. Upande wa ekzosi fundi wa kuchomelea aweke fremu ya nondo nyembamba ili mkoba usiguse bomba. Sumu ikae upande usio na ekzosi.

Kuhusu kitambaa, turubai la lori ndilo ninalolipendekeza. Kiroba huchanika na ngozi hulowa. Zipu sizipendi, vumbi letu huziua mapema. Afadhali mdomo mrefu unaokunjwa mara tatu na kufungwa kwa mkanda. Mikanda ya magari yaliyochakaa ni imara na mafundi wanayo. Ashone kwa uzi wa nailoni, ule wa fundi viatu. Mpira wa tyubu tunaoupenda sana usibebe mkoba wenyewe: jua huulegeza, na ukikatika unaweza kujizungusha kwenye spoku.

Wanaopanga bajeti nao nina neno kwao. Pikipiki ya kazi inayotolewa bila mahali pa kubebea chanjo ni kazi iliyoachwa njiani. Mikoba iingie kwenye bei ya pikipiki tangu mwanzo, kama kofia ngumu inavyopaswa kuingia.

Mikoba ikikamilika, ijaze mzigo halisi kabla ya kumlipa fundi fedha yote. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, hakikisha indiketa na namba vinaonekana, kisha kaa kitini na urukeruke uone kama mkoba unagusa gurudumu. Endesha kilomita moja kwenye barabara mbovu, simama, ukaze upya bolti za fremu. Lazima kutakuwa na moja au mbili zilizolegea.