Kiza cha Drili

Jamaa zetu walioko Kisumu, kuanzia Kaloleni na Manyatta hadi Kondele, wametuuliza kwa njia mbalimbali swali moja: ni nini hiki wanachokitazama watoto usiku, vijana waliovaa boshori zilizofunika nyuso zikabakisha macho, wamesimama kwa wingi kizani, wakiashiria kwa vidole? Wako waliokwisha kuhukumu kuwa ni ibada ya shetani. Sisi twaona haifai kuhukumu kabla ya kusikiliza, nasi tumesikiliza.

Huitwa drili, tawi la trapu, muziki uliozaliwa mitaa ya Atlanta, Marekani. Tawi hili lilichipuka Chicago mwanzoni mwa miaka ya 2010, likavuka hadi London, na umbo lililopata huko ndilo vijana wa Nairobi waliloliiga. Buruklyn Boyz wa Buruburu waliiita albamu yao ya 2022 "East Mpaka London". Jina lenyewe laeleza safari. Kutoka Nairobi hadi ziwani ni kazi ya matatu na simu.

Kiza hiki kina mafundi. Kinanda au kengele hurudiarudia sauti chache za huzuni. Juu yake matoazi hukatika kwa mafungu ya tatu tatu, kama mvua juu ya bati. Chini pana besi nzito, yenye asili katika Roland TR-808, mashine ya ngoma ya Kijapani ya mwaka 1980. Besi hiyo haitulii pahali pamoja bali huteleza kutoka sauti hii hadi ile, na mtelezo huo ndio utiao hofu, maana sikio halijui itatua wapi. Simuni haisikiki sawasawa. Ndani ya matatu yenye spika kubwa mtaihisi kifuani.

Je, huzuni ni ngeni ziwani? La. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi 8, ambayo mpigaji huigonga kwa pete ya chuma ya kidole cha mguu, imelia matangani tangu zamani. Na katika pakruok mtu hujigamba hadharani bila lawama. Lakini huko ajigambaye uso wake waonekana, na wazee wapo wa kumkemea akizidi. Boshori yenyewe haitutishi. Kwa wengi ni vazi la mchezo tu. Latutisha tusi la asiyeonekana. Chicago na London matusi ya nyimboni yalijibiwa kwa silaha, hata mwaka 2018 mahakama ya London ikawaamuru vijana wa kundi la 1011 wawaarifu polisi kila watoapo video ya wimbo.

Basi, wazazi, keti na mwana, mwombe akufasirie sheng ya wimbo ubeti kwa ubeti. Atakapoona haya kufasiri mbele ya mamaye, anzieni hapo. Na ikiwa yeye mwenyewe ndiye mtungaji, muulize anayemtaja ni nani, na anakaa mtaa gani.